Shaba Inayofungulia Chuma Njia

Katika damu ya kila mtu mwenye afya mna protini ya rangi ya samawati iitwayo seruloplasmini. Samawati hiyo haionekani kwa macho, kwa kuwa wekundu wa damu huimeza. Lakini seli zikiondolewa, na majimaji ya damu yakasafishwa mpaka protini hiyo ikabaki peke yake chupani, rangi hujitokeza wazi. Chanzo chake ni shaba. Kila molekuli ya seruloplasmini ina atomi 6 za shaba, zilizoshikiliwa ndani ya mnyororo wa asidi amino 1,046. Ini ndilo linaloitengeneza kwa wingi na kuimwaga kwenye damu, na lita moja ya majimaji ya damu huwa na takriban miligramu 200 hadi 400 za protini hii. Sehemu kubwa ya shaba inayozunguka na damu imo humo, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake: kuchukua shaba kutoka kwenye ini na kuigawa mwilini. Sivyo. Kazi yake kubwa inahusu madini mengine kabisa, nayo ni chuma, hasa pale chuma kinapotoka ndani ya seli.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, na zaidi ya nusu imo ndani ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Chakula huuongezea mwili miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Uboho wa mifupa, unaotengeneza seli nyekundu mamilioni kila sekunde, unahitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku. Pengo hilo halizibwi na chakula bali na chuma kilekile kinachotumika tena na tena. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikizeeka humezwa na seli kubwa ziitwazo makrofaji, zilizoko kwenye wengu na kwenye ini. Himoglobini huvunjwa, chuma hutolewa, kisha hurudishwa kwenye damu kiende ubohoni. Kwa hiyo chuma kina vituo vitatu vikubwa ambamo lazima kitoke ndani ya seli ili kiwe na faida kwa mwili: seli za utumbo mwembamba zinazokipokea kutoka kwenye chakula, makrofaji zinazokiokoa kutoka kwenye seli zilizokufa, na seli za ini zinazokihifadhi. Katika vituo vyote hivyo mlango wa kutokea ni mmoja, protini ya utando wa seli iitwayo feropotini, iliyotambuliwa mwaka 2000 na vikundi vitatu vya watafiti vilivyofanya kazi kila kimoja kivyake.

Kasheshe ipo hapo mlangoni. Chuma mwilini huwa katika hali mbili. Katika hali ya kwanza atomi yake imepoteza elektroni 2, na katika hali ya pili imepoteza 3. Feropotini hupitisha chuma cha hali ya kwanza. Nje ya seli, protini inayokipokea na kukisafirisha kwenye damu ni transferini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomi 2 za chuma. Nayo hukubali chuma cha hali ya pili tu. Chuma kinachotoka kwenye seli kinafanana na abiria aliyeshuka Nairobi akiwa na shilingi za Tanzania mfukoni: fedha anazo, lakini hazimnunulii hata kikombe cha chai mpaka azibadilishe. Seruloplasmini ndiyo inayobadilisha. Huinyang'anya atomi ya chuma elektroni moja pale inapochomoza nje ya seli, na transferini huidaka mara moja. Yenyewe haikibebi chuma popote.

Mtu anayejua kemia kidogo ataona hapa pana swali la haki. Chuma kikikutana na oksijeni hubadilika chenyewe. Kutu ya mabati na misumari ni ushahidi ulio mbele ya macho ya kila mtu. Kwa nini basi mwili ujisumbue kutengeneza protini ya asidi amino zaidi ya elfu moja kwa kazi ambayo hewa inaweza kuifanya bure? Jibu lina pande mbili. Kwanza ni kasi. Ndani ya viungo vya mwili oksijeni ni kidogo kuliko hewani, na mabadiliko yanayojiendea yenyewe huenda polepole kuliko yale yanayosukumwa na kimeng'enya. La pili ni zito zaidi. Oksijeni ikichukua elektroni moja moja kutoka kwa chuma, hugeuka kuwa kemikali kali zenye madhara, na chuma cha hali ya kwanza kikikutana na peroksidi ya hidrojeni huzaa aina ya kemikali inayoshambulia mafuta ya utando wa seli, protini, hata jeni zenyewe. Chuma kilichoachwa huru ni hatari.

Shaba iliyo ndani ya seruloplasmini inaikwepa hatari hiyo kwa mpangilio wa kupendeza. Atomi zake sita hazifanyi kazi kwa namna moja. Tatu zimekaa mbalimbali, na ndizo zinazoipa protini rangi yake; tatu nyingine zimesongamana pamoja kama kundi, katikati ya sehemu ya kwanza na ya sita za protini hiyo yenye sehemu sita. Chuma hutoa elektroni yake kwa shaba iliyo karibu na uso wa protini; elektroni hiyo hupitishwa ndani mpaka kwenye lile kundi la shaba tatu, na huko oksijeni husubiri. Elektroni zikitimia 4, kutoka kwa atomi 4 za chuma, molekuli moja ya oksijeni hugeuzwa kuwa molekuli 2 za maji. Hakuna kemikali kali inayotoroka njiani. Umbo hili lilichorwa kwa mionzi ya eksirei mwaka 1996, na tangu hapo imekuwa rahisi kueleza kwa nini ni shaba iliyotwikwa kazi hii: ni madini yanayopokea elektroni na kuitoa tena bila shida, na ndani ya protini yanaweza kufungwa imara yasizurure.

Mbona basi ilichukua miongo mingi kulijua jambo hili? Dalili za kwanza zilikuwepo tangu mwaka 1928. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Edwin Hart na wenzake walilisha panya maziwa ya ng'ombe matupu mpaka wakaishiwa damu. Maziwa yana chuma kidogo mno, kwa hiyo matarajio yalikuwa kwamba chuma safi kingewaponya. Hakikuwaponya. Panya walipewa chuma pamoja na majivu ya ini, wakapata nafuu. Walipewa chuma pamoja na shaba kidogo, wakapata nafuu vilevile. Shaba ilikuwa inahitajika ili chuma kitumike, ila kwa namna gani, hakuna aliyeweza kusema.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1948, Carl Holmberg na Carl-Bertil Laurell wa Sweden walitenga seruloplasmini kutoka kwenye majimaji ya damu. Waliona kwamba ina uwezo wa kunyang'anya kemikali nyingine elektroni, lakini kemikali walizozijaribu hazikueleza kazi yake mwilini. Laurell huyohuyo alikuwa mmoja wa waliochunguza protini inayobeba chuma, na ndiye aliyeiita transferini. Mtu mmoja, basi, alikuwa na ncha zote mbili za uzi mkononi. Kuzifunga ncha hizo kulingoja mpaka mwaka 1966, pale Shigemasa Osaki, Earl Frieden na mwenzao, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, walipoonyesha kwamba seruloplasmini hubadilisha chuma kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili kwa kasi inayotosha mahitaji ya damu, wakapendekeza kwamba hiyo ndiyo kazi yake halisi.

Ushahidi kutoka kwa wanyama ulikuja kutoka Utah, Marekani, na kwa kweli ndio unaoshawishi kuliko wote wa kipindi hicho. Watafiti wa huko walilea nguruwe kwa chakula kisicho na shaba. Nguruwe waliishiwa damu, kiwango cha chuma kwenye damu yao kikashuka, na hata walipodungwa chuma hawakupona. Lakini walipopasuliwa, chuma kilionekana kimejaa: kwenye seli za utumbo, kwenye makrofaji, kwenye ini. Chuma kilikuwepo, tena tele, ila kilikuwa kimekwama ndani ya seli. Nguruwe waliokosa shaba walipodungwa seruloplasmini, chuma cha kwenye damu kilipanda haraka.

Hata hivyo wenye shaka hawakukosa, na shaka yao ilikuwa na msingi. Wagonjwa wengi wa ugonjwa wa Wilson, maradhi ya kurithi yanayojaza shaba kwenye ini na ubongo, wana seruloplasmini kidogo sana kwenye damu, na bado hawana upungufu wa damu unaofanana na wa wale nguruwe. Kama protini hii ni ya lazima, mbona wao wanaishi bila taabu ya chuma? Leo inajulikana kwamba kiasi kidogo tu cha kimeng'enya hiki kinatosha kulisukuma gurudumu la chuma, na wagonjwa wa Wilson kwa kawaida wanabakiwa na kiasi hicho. Lakini wakati ule swali lilibaki wazi, na utafiti ulipoa kwa zaidi ya miaka 20.

Kilichouamsha ni hamira. Hamira ileile ya maandazi na mikate ni kiumbe cha seli moja kinachohitaji chuma kama binadamu, na jeni zake ni rahisi kuchezea maabara. Mwaka 1994 timu mbili za Marekani, moja ikiwa Utah na nyingine ikiongozwa na Richard Klausner katika taasisi za taifa za afya, zilikuwa zikitafuta hamira zenye kasoro ya kuingiza chuma. Zilichokipata kiliwashangaza watafiti. Kasoro moja ilikuwa kwenye jeni ya kuingizia shaba, si chuma. Hamira hizo zikipewa shaba nyingi, chuma nacho kiliingia. Kasoro nyingine ilikuwa kwenye protini iliyoitwa Fet3, ambayo ina atomi 4 za shaba na inafanana na seruloplasmini kwa kazi na kwa ukoo. Fet3 hukaa kwenye utando wa seli, ikishirikiana bega kwa bega na mlango wa chuma uitwao Ftr1: ya kwanza hubadilisha chuma, ya pili hukipokea. Tofauti ni mwelekeo tu. Kwa hamira, protini ya shaba hukiingiza chuma ndani. Kwa binadamu, hukisaidia kutoka nje. Kemia ni ileile, na ni wazi kwamba uhusiano wa shaba na chuma ni wa kale kuliko damu yenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kulikuwa na ukoo wa panya wa maabara waliojulikana tangu miaka ya katikati ya karne ya 20 kwa upungufu wa damu unaorithiwa kupitia kromosomu ya X. Seli za utumbo wao ziliweza kuchukua chuma kutoka kwenye chakula, lakini hazikuweza kukipeleka kwenye damu. Chuma kilibaki humo mpaka seli zilipochakaa, zikadondoka na kutoka na kinyesi. Mwaka 1999 jeni yenye kasoro ilipatikana. Protini yake ilifanana na seruloplasmini kwa takriban nusu ya mfuatano wa asidi amino, ila haikuwa ya kuelea kwenye damu. Ilikuwa imenasa kwenye utando wa seli za utumbo. Iliitwa hefaistini, kwa jina la mungu wa uhunzi wa Wagiriki wa kale. Jina linafaa, kwa kuwa mhunzi naye hushughulika na chuma na shaba. Kwa hiyo utumbo una kibadilishi chake, na sehemu nyingine za mwili zinategemea zaidi seruloplasmini. Baadaye protini ya tatu ya ukoo huo ilitambuliwa, inayopatikana kwa wingi kwenye kondo la nyuma, mahali ambapo chuma cha mama hupita kwenda kwa mtoto aliye tumboni.

Tafiti za seli zilizochapishwa mwaka 2007 ziliongeza jambo ambalo halikutarajiwa. Ilionekana kwamba seruloplasmini hufanya zaidi ya kubadilisha chuma kilichokwisha kutoka: huusaidia mlango wenyewe ubaki mahali pake. Pasipo kimeng'enya cha kukinyang'anya chuma elektroni, chuma hubaki kimeshikwa kwenye feropotini, na seli huivuta feropotini ndani na kuivunjavunja. Mlango huondolewa kabisa. Hii inaeleza vizuri kwa nini chuma hujazana ndani ya seli za watu wasio na protini hii, hata pale ambapo oksijeni ingeweza kuifanya kazi hiyo polepole.

Watu hao wapo, ingawa ni wachache mno. Makadirio ya Japani ni mtu 1 katika takriban watu 2,000,000. Mgonjwa wa kwanza alielezwa na Hiroaki Miyajima na wenzake mwaka 1987, mwanamke Mjapani aliyekuwa na kisukari, kuharibika kwa retina ya macho na kukazana kwa kope, huku damu yake ikiwa haina seruloplasmini. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba chanzo ni kasoro kwenye jeni ya protini hiyo, iliyoko kwenye kromosomu ya 3, na kwamba mgonjwa lazima arithi kasoro kutoka kwa baba na mama wote wawili. Shaba ya wagonjwa hawa haisumbui. Viungo vyao vinapata shaba ya kutosha, na hapo ndipo dhana ya zamani kwamba seruloplasmini ni mgawaji wa shaba ilipovunjika. Kinachoharibika ni chuma: hujaa kwenye ini, kwenye kongosho na kuleta kisukari, kwenye retina, na kwenye ubongo. Wakati huohuo chuma cha kwenye damu kiko chini, na mgonjwa ana upungufu wa damu wa wastani. Utumbo nao, kwa kuwa una hefaistini yake, unaendelea kuingiza chuma kingine, na mrundikano unazidi mwaka hadi mwaka.

Ubongo unastahili kutazamwa peke yake. Yapo maradhi mengine ya kurithi yanayojaza chuma mwilini, lakini kwa kawaida hayagusi ubongo, maana ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo hauruhusu vitu kupita ovyo. Ukuta huohuo huizuia seruloplasmini ya damu isiingie. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba ubongo hujitengenezea yake: seli za msaada ziitwazo astrositi hutengeneza aina ya seruloplasmini iliyoning'inizwa kwenye utando wao wa nje. Jeni ikiharibika, aina zote mbili hukosekana kwa pamoja. Chuma hunaswa ndani ya astrositi, na seli za neva zinazozitegemea astrositi hizo huanza kufa. Katika umri wa kati mgonjwa huanza kuyumba akitembea, kusema kwa tabu, kutetemeka au kukakamaa viungo, na baadaye kumbukumbu hupungua.

Protini ya shaba haina faida isipotiwa shaba, na hatua hiyo nayo ina maradhi yake. Shaba huingizwa kwenye protini hizi ndani ya seli na pampu mbili zilizotambuliwa mwaka 1993. Pampu ya ini ndiyo iliyoharibika katika ugonjwa wa Wilson. Seruloplasmini hutengenezwa bila shaba, haidumu, na huvunjika upesi. Pampu ya pili hutoa shaba kutoka utumboni kwenda kwenye damu, na kasoro yake ni ugonjwa wa Menkes, unaowapata watoto wa kiume na kuwanyima shaba karibu mwili mzima. Wasio na kasoro yoyote ya kurithi nao wanaweza kuishiwa shaba: waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, waliolishwa kwa dripu muda mrefu bila shaba ndani yake, au wanaomeza zinki nyingi kwa miezi, kwa sababu zinki huifanya shaba inaswe kwenye seli za utumbo. Damu yao hupungua, seli nyeupe hushuka, na miguu hufa ganzi, mpaka daktari adhani ni ukosefu wa vitamini B12. Si haki, hata hivyo, kuibebesha seruloplasmini peke yake lawama yote ya upungufu huo wa damu. Waliozaliwa bila protini hiyo wana upungufu mdogo kuliko huo, maana yake shaba inahitajika na hefaistini pia, na vimeng'enya vingine vya uboho.

Afrika Mashariki, upungufu mwingi wa damu una sababu nyingine: chakula chenye chuma kidogo, minyoo ya safura, malaria, selimundu na uzazi wa karibukaribu. Hapa ukosefu wa shaba kwa binadamu si jambo la kutafutwa kwanza. Kwa wanyama ni tofauti. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, pande za Nakuru, udongo wa volkeno ulio haba wa shaba umehusishwa na upungufu wa madini hayo kwa mifugo na hata kwa swala pala. Kwa madaktari wa eneo hili kuna tahadhari moja ya kimaabara. Seruloplasmini hupanda mtu anapokuwa na maambukizi, na hupanda kwa wajawazito. Kipimo cha kawaida kwa mgonjwa mwenye homa au mjamzito hakimaanishi kwamba shaba yake inatosha. Maambukizi hayohayo huongeza homoni ya ini iitwayo hepsidini, ambayo huifunga feropotini. Chuma hukwama ndani ya seli kama kwa wale nguruwe wa Utah, ingawa shaba ipo na kibadilishi kipo, kwa kuwa mlango wenyewe umefungwa.

Kwa mgonjwa aliyezaliwa bila seruloplasmini, kosa lililo rahisi kufanywa ni kumpa vidonge vya kuongeza damu. Chuma kwenye damu kiko chini, himoglobini iko chini, na mkono wa daktari huenda kwenye dawa iliyozoeleka. Chuma hicho huishia kwenye ini na ubongo. Kinachomwokoa ni kupima feritini, ile protini ya akiba ya chuma, ambayo kwake huwa juu sana. Tiba ni dawa za kunasa chuma na kukitoa mwilini, na wengine hutiwa majimaji ya damu ya watu wenye afya ili wapate seruloplasmini ya kuazima, ambayo nusu yake huisha ndani ya siku 5 hivi. Dawa hizo hupunguza chuma cha kwenye ini vizuri. Kwenye ubongo hazifiki kwa urahisi, na mafanikio huko ni madogo. Kwa hiyo mgonjwa akishatambuliwa, ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja hupimwa pia, kwa kuwa kila mmoja wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa na kasoro hiyohiyo, na aliyegunduliwa kabla neva hazijaguswa ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kunufaika na dawa.